Migomba Inayoyumba Taratibu

Mama yangu, shikamoo kutoka Ndama, kwenye ukungu na harufu ya ndizi zinazochemka.

Kila mara unaniuliza kule maabara natazama nini ndani ya kioo, nami nashindwa kukujibu. Leo nimeliona jibu. Chembe za kioo hazikujipanga kwa mistari. Zimesongamana tu, kama migomba ya kibanja hiki ilivyochanganyika na mibuni na maharage. Penye ulegevu, chembe nyingi huyumba pamoja, taratibu mno, kama zinaota.

Jioni nilikuwa natafuna punje kavu za kahawa, za kukaribisha wageni, nilizopewa na mwenyeji wangu, Mama Koku. Ukaja upepo mwepesi. Migomba mingine ilichezesha majani tu, lakini michache pale katikati ikayumba yote kwa pamoja, shina na mkungu, kama watu wanaoimba huku wakisinzia. Nikaruka: "Ile pale!" Mama Koku akashika panga, akidhani nimeona nyoka.

Nilipomweleza alicheka, kisha akaweka panga chini.

"Pale udongo haujashikana bado," akasema. "Ndipo tulipomlaza Baba Koku."

Huku marehemu huzikwa kibanjani kwake, kati ya migomba yake. Mama Koku alibeba kigoda chake, akanitandikia mkeka, tukakaa kando ya kaburi.

"Upepo ukija, huwa nakaa hapa."

Jifunike vizuri, mama, baridi isikupate. Tangu baba atutoke, sijui upepo ukija wewe unakaa wapi. Nikirudi, nionyeshe.

Mwanao,
Neema