Spika Yenye Kimo Chako

Nyumbani,
Chumba cha mbele, mlango wa buluu.
Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu.

Mpendwa kaka yangu Mlingoti,

Pokea salamu tele kutoka kwetu uliotuacha huku. U hali gani? Kile kikohozi kimekuachia, au bado mnalala kitanda kimoja? Unakula, au unashindia chai? Huku sote wazima. Goti la Mama linalalamika mvua ikinyesha, kifua cha Baba kinataka hewa saa zote, na mimi naota ndoto za mchana kama kawaida yangu. Ila safari hii mojawapo imesimama sebuleni.

Nianze na jambo ambalo sikutaka kukuambia kwenye simu. Tangu masikio ya Baba yaanze kuchoka, wazee wetu waliacha kukaa pamoja jioni. Unakijua kiti cha Baba, kule mwisho dirishani, kwa ajili ya hewa. Cha Mama kiko huku karibu na mlango wa jikoni, redio kando yake. Baba anataka sauti iongezwe, inaongezwa, hadi Mama anashika kichwa na kuhamia jikoni. Akishahama, Baba anaizima. Wale wale waliokuwa wakibishana juu ya taarifa ya habari mpaka chai inapoa! Iliniuma sana, Kaka.

Usiniambie wabadilishane viti. Nilishajaribu, nikatazamwa kama nimetukana. Nikamletea Baba spika za masikioni, akaniuliza, "Kwani mimi rubani?"

Ndipo nikaanza kuota. Mimi fundi redio, najua spika moja humwaga sauti ovyo, juu darini na chini sakafuni. Aliye karibu anapigiwa kelele, aliye mbali anaokota makombo. Lakini ukizipanga spika ndogo nyingi kwenye mstari mmoja uliosimama, zikasema kwa pamoja, sauti haipandi wala haishuki. Inasonga mbele kama shuka linalotandazwa, na inafifia polepole. Nililiona shuka hilo kila mahali, hata mezani. Mara ngapi Mama amenitikisa bega, kijiko kikiwa hewani!

Za dukani za namna hiyo ni za wenye nazo. Mimi nikavizia shule ya jirani ilipotupa spika ndogo za kompyuta zake za zamani, zote za aina moja, maana ukizichanganya kila moja inakuja na lafudhi yake. Amplifaya ya kukuza sauti niliitoa kwenye redio ya gari iliyokufa, nikaifufua. Seremala wa mtaani akanipa mabaki ya plaiwudi, nikaunda sanduku refu jembamba, nikatoboa matundu yaliyobanana. Kimo nilikipima kwa ile alama yako kwenye fremu ya mlango, uliyoichora siku uliyompita Baba.

Hapo akaingia Shangazi. Unamjua, mshonaji hawezi kuacha kitu bila kukipamba. Nilipokuwa kazini akazipaka spika zote rangi nyeusi, mbele na nyuma, pamoja na yale madoa mekundu yanayoonyesha upande wa chanya. "Zilikuwa kama zina surua," akajitetea. Nikakwangua rangi, madoa nayo yakabanduka, nikaunga nyaya kwa kukisia, nikajipa moyo.

Siku ya kuiwasha niliwaita wote. Loo! Muziki ulitoka kama umefungiwa mtungini, na maneno hayakusikika kabisa. Baadhi ya spika zilikuwa zikisukuma hewa huku nyingine zikiivuta, zikawa zinafutana zenyewe kwa zenyewe. Baba akasema taratibu, "Acha tu, mwanangu, umejitahidi," akaenda kujilaza jua bado liko juu. Mama akaenda jikoni. Mimi nikatoka uani nikalia, sikufichi.

Shangazi ndiye aliyenifuata, na betri ya tochi mkononi. Tukazifungua nyaya zote. Akawa anaigusisha betri kwenye spika moja moja, mimi nikitazama karatasi yake ya mbele, ile inayotikisika sauti ikitoka. Ikiruka nje, anafunga uzi mwekundu kwenye mguu wa waya uliogusa chanya ya betri; ikiingia ndani, anaufunga kwenye mguu wa pili. Alikuwa anashangilia kila mruko kama yuko mpirani. Nikaunga upya, uzi kwa uzi.

Jana alasiri nikawabembeleza wazee warudi vitini. Sikuweka muziki. Niliweka ule ujumbe wako mrefu wa simu, ambao Baba huwa anauitikia kwa kichwa tu, asiseme kwamba hausikii. Sauti yako ikatoka kwa utulivu, neno kwa neno, hata pale unapomeza mate kabla ya kusema umetukumbuka. Nilitembea kutoka kiti cha Mama hadi cha Baba, nikakusikia ni yule yule njia nzima. Baba akaushusha mkono aliokuwa ameutega nyuma ya sikio. Mama hakuinuka. Uliposema, "Shikamooni wazazi wangu," Baba akaitikia, "Marahaba!" kwa sauti ya zamani, ile ya kuita mtu toka barabarani.

Walikusikiliza mpaka mwisho, wakaanza kubishana umekonda au hujakonda. Kisha Mama akaitazama spika kwa muda, akafuta macho kwa kanga yake. "Mtoto amesimama muda wote huo," akasema. "Mpeni kiti."

Baba mwenyewe ndiye aliyekileta.

Shangazi anakusalimu, anasema rangi nyeusi imependeza hata hivyo. Seremala naye anakusalimu. Wazee wanakuombea, na leo wanakuombea wakiwa chumba kimoja. Mungu akutunze huko uliko. Kile kiti bado kiko pale kando ya spika, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Akurudishe salama, uje ukikalie mwenyewe.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wenu.