Gari Lililonyamaza

Mwenzangu uko wapi? Niko hapa gereji kwa kaka, sikia haya.

Unalijua lile gari la marehemu mwalimu, lililokuwa linapiga kelele kama kokoto kwenye sufuria kila likiwashwa? Mjane wake alilileta kwa kaka gereji. Kaka akakuta cheni ya taimingi ndani ya injini imelegea, ndiyo inayogonga hivyo, na ikiruka tu injini kwisha. Akafunga mpya.

Leo yule mama mjane kaja kulichukua. Kawasha. Kimya, huwezi kujua kama linawaka.

Kazima. Kawasha tena. Kazima. KAWASHA TENA.

"Mbona halipigi kelele?"

Kaka anacheka: "Limepona, mama."

Yule mama akalaza kichwa kwenye usukani. "Kelele ile, huyo alikuwa mume wangu akitoka asubuhi. Tangu tumzike naliwasha kila siku nimsikie."

Huyo alikuwa mume wangu!!

Eti arudishiwe ile cheni ya zamani. Kaka akamwambia itakatika, utabaki bila gari.

"Basi ikatike nikiisikia."

Kaka kaitoa cheni kuukuu kwenye pipa la vyuma chakavu, kaifuta taratibu kama anaosha maiti. Sasa hivi kashika spana, anafungua injini. Na mimi nimeshindwa kumzuia.