Dereva wa Kamera

Mastura, wallahi kakako Mwidani leo kaponea chupuchupu kufutwa kazi hapa kiwandani Changamwe!

Si waijua ile kamera kuukuu ya kukagua chupa? Kwenye hiyo Linux mpya, mfumo wa kompyuta alioutia Mwidani, imegoma kutoa picha. Bosi kang'aka, "Kwa nini?" Mwidani kajibu, "Haina dereva, mzee."

DEREVA, Mastura! Alimaanisha programu ya kuiendesha.

Bosi kamwita Ngowa wa lori. Ngowa kaja na leseni mkononi, kaketi mbele ya kompyuta, kauliza, "Twaenda wapi?"

Mwidani, jasho lamtoka, katia diski yake ya mwisho yenye programu hiyo. Mara picha hiyooo!

Bosi: "Si nilijua? Ilitaka dereva tu."

Sasa Ngowa akienda msalani, bosi asimamisha kiwanda kizima.