Bei Iliyopanda Mara Kumi

Kaka,

Sisi wazima, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Tangu umpigie Mama simu kwamba bei ya hisa zake imepanda mara kumi, majirani hawapumui. Kila anayepita anasimuliwa habari za mwanawe wa kampuni ya dawa.

Jana nilitazama bei za nyuma za kampuni yenu, nikashangaa. Hata siku Mama aliponunua, bei inaonekana kubwa kuliko aliyolipa. Nikamuuliza dalali wa hisa. Akacheka.

“Dada, hakuna kilichopanda. Zimeporomoka, ndiyo maana wameunganisha hisa kumi zikawa moja: bei ya moja ni mara kumi, lakini aliyekuwa na kumi sasa ana moja tu. Bei za zamani nazo wamezizidisha kwa kumi ili zilingane.”

Wewe unafanya kazi humohumo, kaka. Usiniambie hukujua. Uliogopa lawama tu, maana ni wewe uliyemshawishi anunue.

Sijamwambia. Jumatatu aliuza cherehani yake kwa bei ya kutupa, akisema mama wa mtu kama wewe hashoni viraka vya watu.

Jumapili atakupigia kukushukuru. Pokea.

Mdogo wako, ambaye leo hana salamu