Ukuta Uliokwepa Kiwanja Chako

Kaka Tiroia,

Huku kisiwani Betio hatujambo, na kuku wako wameanza kutaga tena. Ukuta wa kuzuia bahari umekwisha. Ulipofika kwenye kiwanja chako, fundi aliniuliza, "Dada, mwenyewe amesaini ukuta upite?" Nikamwambia umekataa, umesema kisiguswe hadi urudi kutoka Auckland ujenge. Basi mafundi wakaupindisha ukuta, kiwanja kikabaki upande wa bahari.

Ulisahau kwamba tulimzika mama hapo? Jumanne maji yalijaa, yakalifukua kaburi. Mimi na mume wangu tuliokota mifupa yake kwa mikono, tukamzika upya kwangu, upande wa ndani wa ukuta.

Kiwanja chako hakuna mtu aliyekigusa, kaka. Njoo ujenge.

Mimi dada yako,
Rotia