Kijana Aliyenibebea Ndoo

Hosiana mjukuu wangu,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji.

Asubuhi kijana mgeni aliniamkia shikamoo vizuri, akanibebea ndoo mpaka mlangoni. “Bibi, mwakilishi wetu Ester yuko wapi? Wanafunzi tunataka atusemee tena, ada imepanda mno.” Kwa wema ule nikamwambia dada yako yuko Gairo kwa mama yenu mdogo. Nikataja hata mtaa!

Alipoondoka, Hansa wa dukani akaja mbio. Naye aliulizwa, akanyamaza, maana gari walilokuja nalo halina namba.

Simu ya Ester haipatikani. Naogopa, mwanangu. Naenda Gairo.

~~Akirudi, anisubiri.~~ Akirudi kabla yangu, asilale hapa. Mpeleke kwa Hansa. Ameshamtandikia kitanda.

Bibi yenu