Mwandiko Ndani ya Kinanda

Jumatatu, 7 Oktoba 2019

Nimeficha jambo kwa miaka hamsini na miwili. Naliandika sasa kwa sababu daktari, yule kijana wa viatu vyekundu, nilipomuuliza kuhusu Krismasi alijibu, "Tutaona." Tutaona! Yeye ataona. Mimi nitakuwa nimeshalazwa karibu na Léonie, chini ya jiwe.

Jambo lenyewe ni hili. Zile karatasi zilizobandikwa ndani ya vinanda vya gurudumu, vile vya nyuzi vinavyopigwa kwa kuzungusha mkono wa chuma, "Cartaud, fundi, 1861" — mwandiko ule ni wangu. Karatasi kumi na moja. Cartaud hakuandika hata moja, alikuwa kaburini kabla baba yangu hajazaliwa. Niliziandika kwenye meza ya jikoni, kwa kalamu ya chuma ya shuleni. Nikazipaka chai, nikazikausha juu ya jiko. Mimi, niliyefundisha shule miaka thelathini na minane, niliyewatwanga watoto vidole kwa kunakili kwa jirani!

Ningekufa nayo kimya. Lakini leo Solène kaja na simu yake.

Solène ni mjukuu wangu, ana miaka ishirini na sita, sina mwingine. Miaka miwili sasa anapiga kinanda cha kuazima cha chama chao cha dansi. Anataka chake, cha kwanza. Na swali linamla: atengeneze au anunue? Bastien, fundi wa kule mtoni, anafundisha. Unakwenda kila Jumamosi kwa mwaka na nusu, unatoka na kinanda ulichokichonga mwenyewe. Au anunue cha Thévenard, muuza vitu vya kale wa mjini. Cartaud halisi. Yuro elfu saba, karibu zote alizoachiwa na mama yake.

"Nitengeneze vipi, Babu? Kwetu nani amewahi kushika randa? Kuna baba yake Bibi tu, na yeye alichonga viatu vya mbao. Kiatu hakiimbi."

Akanionyesha picha. Kwenye ncha ya kinanda, kichwa cha mwanamke kimechongwa: kilemba kimefungwa upande, mdomo umekazwa kama wa mtu aliyepunjwa dukani. Nilikitambua kabla hajaikuza picha.

"Usinunue takataka hiyo!" Nilipiga kelele mpaka mpira wa oksijeni ukanitoka puani.

"Haya, Babu, haya. Utakufa kwa ajili ya kinanda!"

Ameondoka bila kunibusu.


Jumanne, 8 Oktoba

Miguu imevimba. Supu baridi. Nimemkaripia nesi, nesi kanikaripia. Tumetoka sare.

Marcelle wa jirani kaleta pai ya viazi na krimu, ambayo nimekatazwa. Nimekula vipande viwili kwa hasira. Solène amekwisha kumlalamikia, bila shaka. Wanawake hawa wawili wanapigiana simu kama wabunge.

"Mwalimu, mwache mtoto anunue. Pesa ni za marehemu mama yake. Wewe zinakuwasha nini?"

"Zinapotea!"

"Zikipotea ni zake. Wewe hata kaburini utaomba risiti."

Wananiona bahili. Sawa. Bahili ni jina zuri kuliko lile linalonistahili.

Wacha niandike nusu ya pili, maana jana niliikimbia. Nani alivitengeneza? Léonie. Mke wangu. Kule mwisho wa bustani, kwenye karakana ya baba yake, kwa patasi zake za kuchongea viatu. Kijiji kilidhani anachonga vijiko na mipini ya majembe. Alijifundisha kwa kubomoa kinanda kimoja kilichokufa na kukirudisha mara nne. Gurudumu ndilo lilimtesa. Likikosa mviringo kwa unene wa unywele tu, nyuzi zinalia na kunyamaza, zinalia na kunyamaza, kama mtu mwenye kwikwi. Alitupa magurudumu tisa. La kumi lilizunguka na sauti ikatoka imenyooka.

Cha kwanza alikipeleka sokoni kwa jina lake. Wanaume wakakipokezana mikononi. Mmoja akauliza kama kinasaga na kahawa. Miaka miwili kilikaa juu ya kabati. Ndipo nikaandika karatasi ya kwanza. Ilikuwa ni shauri langu, si lake. Kikanunuliwa wiki ile ile, na yule yule wa kahawa.

Tulicheka sana siku ile! Yeye alicheka kidogo kuliko mimi. Hilo nimelikumbuka leo tu.


Alhamisi, 10 Oktoba

Thévenard kaja! Solène kamleta hadi kitandani kwangu, eti anitoe wasiwasi. Kavaa skafu. Mtu mzima, ndani ya nyumba, na skafu. Kakiweka kinanda juu ya blanketi langu, juu ya magoti yangu. Sikukishika. Niliweka mikono chini ya shuka kama mtoto aliyeiba jamu.

Akafungua kile kimlango cha pembeni, akamulika ndani kwa tochi.

"Hebu ona mwandiko huu, Mwalimu. Wewe utauthamini. Watu wa zamani walijua kushika kalamu. Siku hizi nani anaandika hivi?"

Na mimi — aibu gani hii — nikaona fahari! Sekunde moja. Moyo wangu mbovu ukaruka kama wa mwanafunzi aliyepewa kumi juu ya kumi. Halafu ndipo hasira. Nilimwambia Thévenard kwamba Cartaud alikuwa mlevi, na kwamba mtu akilewa mkono hutetemeka, na mwandiko ule hautetemeki.

"Basi aliandika asubuhi," akasema Thévenard. Solène akacheka. Nilitaka kuwatupia wote wawili bakuli la kutemea.

Kakiacha hapa hadi Jumamosi saa tano, ili Solène akijaribu. Alipokuwa anaaga nilimsikia mlangoni akimnong'oneza mjukuu wangu: "Wazee huwa hivyo mwishoni. Usijali."

Mwishoni! Nina miaka themanini na minane na masikio mawili.

Nilimwambia Solène: nenda kwa Bastien, tengeneza. Akasema, "Jana Bastien alinipa kipande cha mbao nilainishe. Nilikiharibu. Mikono yangu ni ya kubonyeza kompyuta, Babu. Sikuzaliwa nayo kazi hiyo."

Ulizaliwa nayo! Nilikuwa na sentensi mdomoni. Nikaomba maji.


Ijumaa, 11 Oktoba

Yote yametokea leo. Naandika polepole, kalamu inateleza.

Asubuhi Solène alikaa jikoni, mlango wazi ili nisikie. Akazungushia nyuzi pamba, akapaka ulimbo kwenye gurudumu, akakaza mkanda kiunoni. Akazungusha mkono wa chuma. Miaka thelathini na sita sikuwa nimekisikia. Sauti ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Halafu akaanza kuukata mzunguko kwa kifundo cha mkono, na kile kidaraja kidogo tunachokiita mbwa kikanguruma. Mbwa wa Léonie. Alikuwa akikichonga chembamba kupita mafundi wote, kinauma hata ukizungusha taratibu. Nililia, na kwa kuwa nililia nikakasirika, nikamwita anyamazishe kelele hizo.

Marcelle akaingia na maziwa. Akakitazama kinanda. Akakivulia miwani, akaivaa tena.

"Solène, mwanangu. Huyu mwanamke wa hapa nchani — mbona ana mdomo wangu?"

"Ni wa mwaka 1861, Marcelle."

"Mdomo wangu naujua, ndio nnaolia nao. Na kilemba hiki mie nilikifunga hivi hivi, upande, kwa sababu ya sikio bovu. Majira yale yote ya baridi Léonie alipougua nilikaa naye kitandani kwake, anachongachonga. Nilidhani kijiko!"

Walicheka. Kisha Solène akaacha kucheka. Nilisikia kiti kikisogezwa, kimlango kikifunguliwa. Akaja chumbani na taa mkononi, na kile kioo kidogo cha kunyolea, na kinanda kwapani.

"Babu. Herufi R hii. Yenye mkia unaorudi nyuma. Nilipokuwa na miaka mitano ulinikalisha meza ile pale ukanifanya niiandike kurasa sita, mpaka nikalia. Hakuna mtu mwingine duniani anayeiandika hivi. Hata Cartaud."

Nikamwambia. Karatasi, chai, jiko, wa kahawa, vyote kumi na moja. Nilimwambia kwa ukali, kama vile kosa ni lake. Marcelle alikaa juu ya kitanda, miguuni pangu, bila kuomba ruhusa.

Solène hakulia. Alitazama mikono yake, huku na huku, kama mtu aliyeuziwa glovu.

"Bibi alitupa magurudumu mangapi?"

"Tisa."

"Mimi nimeharibu kibao kimoja tu." Akatoka nje na simu. Nilimsikia bustanini akimwambia Bastien amuwekee nafasi. Anatengeneza! Kwa dakika tano nzima sikuwa na hasira na mtu yeyote.

Akarudi.

"Jambo moja sielewi, Babu. Kwa nini hakuna hata kimoja chenye jina lake? Baadaye, baada ya kuzoeleka. Hakutaka?"

"Hakutaka," nikasema. "Alikuwa mtu wa haya."

Marcelle alinitazama. Marcelle, asiseme kitu!


Jumamosi, 12 Oktoba

Saa nne na nusu. Thévenard anakuja saa tano.

Solène kalala hapa. Kaamka mapema, amepika kahawa, ameshakata shauri. Kanieleza kwa upole, na upole wake unanichoma kuliko kelele. Hanunui. Atatengeneza chake. Na hiki kitarudi kwa Thévenard kama kilivyo, na Cartaud wake ndani.

"Lakini utamwacha amdanganye mtu mwingine?" nikauliza.

"Nikimwambia, itabidi niseme ni nani alikitengeneza. Na Bibi hakutaka. Umesema mwenyewe. Nikaandike jina lake magazetini baada ya yeye kujificha maisha yake yote? Ni siri yake, Babu. Nitamheshimu."

Atamheshimu! Mtoto mzuri namna hii, na mimi nimempa uongo wa kuheshimu.

Nimemwambia aniletee daftari hili. Yuko jikoni. Ninamwona kupitia mlango: anakifunga kinanda kwa blanketi la kijivu, anapitisha kamba, anatafuta mahali pa kufunga fundo ili kichwa kisikwaruzwe. Marcelle yupo pia, anamenya tufaha na hamenyi. Ananitazama mimi.

Nina hasira na Thévenard, na skafu yake. Nina hasira na wanaume wa soko lile, wote wamekufa, hata wa kuwatukana hawapo. Nina hasira na Léonie, kwa kuniamini. Nimezunguka kijiji kizima na hasira hii, na kila mlango ninaobisha nafungua mwenyewe.

Gari limeingia uani. Solène kasema, "Babu, kafika."

Basi niandike haraka.

Februari 1983. Hiki ni cha kumi na moja, cha mwisho. Alikimalizia kitandani, mbao juu ya magoti, Marcelle kitini, mimi nikishika taa. Alikuwa amekonda mpaka pete imefungwa uzi isidondoke. Aliposema, alisema kama mtu anayeomba chumvi mezani: "Hiki kiandike Léonie Vacheresse. Jina langu la kwetu. Kimoja tu."

Nishani yangu ya ualimu ilikuwa inatolewa mwezi Mei. Mkuu wa elimu angekuja. Jina jipya, kwa mwandiko ule ule, na vile kumi vingine vingefunguliwa.

Nilikipeleka jikoni. Karatasi mbili zilikuwa mezani, moja ya Léonie, moja ya Cartaud. Nikabandika. Nikamrudishia, kimlango kimefungwa. Hakuwa na nguvu ya kushika kioo na taa. Alikipapasa ubavuni, pale karatasi inapokaa kwa ndani.

Akauliza, "Umeandika?"

Nikasema, "Nimeandika."